GEORGE KLEIN: FUNDI WA GIA ALIYEWAPA ASKARI MAJERUHI MWENDO

Mji wa Kigali umesimama juu ya vilima. Anayetoka Nyabugogo bondeni kwenda Muhima na hatimaye katikati ya mji hupanda bila kupumzika, na anayeteremka kutoka Rebero au Kimihurura huteremka kwa kujizuia. Kwa mwenye miguu mizima mwinuko huo ni jasho tu, na kwa dereva wa lori ni suala la kuchagua gia. Lakini kwa askari aliyerudi vitani bila miguu, au ambaye uti wake wa mgongo ulivunjwa na risasi, mwinuko huohuo ni ukuta. Kati yake na soko, kati yake na nyumba ya ibada, kati yake na ofisi anakofuata haki zake, pamesimama kilima ambacho mikono yake peke yake haiwezi kukishinda.

Ndugu msomaji, maisha tunayoyasimulia leo ni ya raia ambaye hakupata umaarufu kwa kuongoza kikosi wala kwa cheo cha begani. Silaha zake zilikuwa kalamu ya risasi, karatasi ya michoro na gurudumu la meno. Hata hivyo, askari majeruhi wa mataifa mengi wana deni kwake ambalo aghalabu hawalijui. Huyo ndiye hayati George Klein, mhandisi wa Kanada aliyeongoza kazi ya kuunda kiti cha magurudumu kinachoendeshwa kwa umeme, kwa ajili ya wanajeshi waliopooza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

MTOTO WA DUKA LA SAA

George Klein alizaliwa tarehe 15 Agosti 1904 katika mji wa Hamilton, jimbo la Ontario. Hamilton ni mji wa viwanda vya chuma kando ya Ziwa Ontario, na mkazi wa Kigali angeuelewa upesi, kwa maana umegawanywa na jabali refu lenye kimo cha kama mita 100. Sehemu moja ya mji iko chini karibu na maji na nyingine iko juu, na wenyeji huliita jabali hilo mlima. Kwa hiyo mtu huyu, ambaye baadaye alitafuta njia ya kumpandisha mlemavu bila kusukumwa, alizaliwa mahali ambapo kupanda na kushuka ni desturi ya kila siku.

Baba yake alikuwa na duka la vito na saa. Tusilipite jambo hili haraka. Saa ya zama zile ilikuwa shule kamili ya gia: nguvu ya utepe wa chuma uliokunjwa ilipita katika msururu wa magurudumu ya meno, moja kubwa likizunguka polepole na kulisukuma dogo lizunguke upesi, mpaka mishale mitatu ikatembea kwa mwendo mitatu tofauti. Kanuni iliyotawala ndani ya saa hiyo ndiyo inayotawala katika lori la jeshi, katika mtambo wa kunyanyulia mizigo na katika kiti cha mlemavu: kinachoongezwa katika kasi hupunguzwa katika nguvu ya kuzungusha, na kinachoongezwa katika nguvu hupunguzwa katika kasi. Hakuna fundi aliyewahi kuikwepa kanuni hiyo. Fundi hodari huitii, kisha huigawa kwa busara.

Klein alihitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1928. Mwaka uliofuata aliajiriwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, mjini Ottawa, na hapo alitumika miaka 40, mpaka alipostaafu mwaka 1969. Katika muda wote huo hakujifungia katika chumba kimoja cha elimu. Kila palipotokea tatizo linalohitaji chuma kitembee, kijikunje, kijifungue au kishike, aliitwa yeye.

KAZI ZA AMANI NA ZA VITA

Katika miaka ya 1930 alishughulika na mitambo ya kupimia ndege kwa upepo, yaani njia ndefu iliyofungwa ambamo upepo mkali husukumwa kupita juu ya mfano wa ndege ili wahandisi waone jinsi itakavyobebwa angani. Kisha akageukia mateleo ya ndege, maana huko Kanada ndege nyingi hulazimika kutua juu ya theluji. Ili kuunda mateleo yaliyo bora ilimpasa kwanza kuielewa theluji yenyewe: ugumu wake, unyevu wake, na jinsi inavyokandamizwa na uzito. Alikwenda kuipima nje, mahali inapoanguka, akaitafutia namna ya kuiainisha. Hii ndiyo iliyokuwa tabia yake. Aliichunguza ardhi kabla ya kuunda chombo cha kupita juu yake.

Ujuzi huo ulihitajiwa sana vita vilipoanza. Elimu yake ya theluji ilitumika katika kuendeleza gari la minyororo lililoitwa Weasel, ambalo liliweza kupita juu ya theluji na matope bila kuzama. Vita vilipokaribia kwisha alikuwa miongoni mwa wahandisi waliosanifu ZEEP, tanuri la kwanza la nyuklia kuwashwa nje ya Marekani, ambalo lilianza kufanya kazi tarehe 5 Septemba 1945 huko Chalk River, Ontario.

Lau maisha yake yangekoma hapo, jina lake lingebaki katika vitabu vya wahandisi peke yao. Lakini wakati huohuo meli zilikuwa zikiwarudisha nyumbani vijana wa Kanada, na baadhi yao walishushwa wakiwa juu ya machela.

VIJANA WA DIEPPE

Tarehe 19 Agosti 1942 majeshi ya washirika yalishambulia bandari ya Dieppe, katika pwani ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Wanajeshi wa Kanada waliotumwa walikuwa karibu 5,000. Waliteremka ufukoni asubuhi chini ya moto mkali wa bunduki za rashasha na mizinga, na kabla ya jioni zaidi ya 900 walikuwa wamekufa na wengine karibu 2,000 wametekwa. Kikosi kimoja kilichoumia mno siku hiyo kilitoka Hamilton, mji aliozaliwa Klein. Katika kikosi hicho alikuwamo ofisa kijana, John Counsell, ambaye alipigwa risasi akapooza.

Katika vita vilivyotangulia, mtu wa jeraha la namna hiyo aghalabu hakuishi muda mrefu. Kilichomuua hakikuwa risasi, bali vidonda vya kulalia na maradhi ya figo na kibofu. Hadi kufikia miaka ya 1940, dawa mpya kama penisilini pamoja na uuguzi ulio bora zaidi zilikuwa zimeibadili hali hiyo. Huko Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville mwaka 1944, na mwaka 1948 alianzisha hapo michezo ya walemavu iliyokuja kuzaa Paralimpiki. Huko Kanada, nyumba ya Lyndhurst ilifunguliwa mjini Toronto mwaka 1945 kwa kazi hiyohiyo. Kwa mara ya kwanza, askari aliyepooza alikuwa na miaka mingi mbele yake, na swali likawa ataiishi vipi.

Counsell alikataa kuiishi kitandani. Mwaka 1945 yeye na wenzake waliunda chama cha Wakanada waliopooza, wakaishawishi serikali iwape maveterani viti vyepesi vya kukunja, vilivyoundwa huko California na Herbert Everest na Harry Jennings katika miaka ya 1930. Everest mwenyewe alikuwa amevunjika mgongo katika ajali ya mgodini. Kwa kiti hicho, aliyepooza miguu lakini mwenye mikono yenye nguvu aliweza kujisukuma, kukikunja kiti na kukiweka ndani ya gari.

Hata hivyo lilibaki kundi jingine, nalo ndilo lililokuwa katika dhiki kubwa zaidi. Hao ni waliojeruhiwa shingoni, ambao mikono yao pia ilikuwa imepoteza nguvu. Hao walikaa pale walipowekwa. Aliyetaka kuona jua alisubiri apite mtu wa kumsukuma, na aliyechoka na jua alisubiri tena. Askari aliyezoea kupewa amri anaweza kuvumilia mengi, lakini kuomba ruhusa ya kwenda hatua tatu, kila siku ya maisha yake yote, ni kifungo asichohukumiwa.

KITI CHA UMEME

Hapo ndipo tatizo lilipofikishwa mbele ya Klein na wenzake katika Baraza la Utafiti. Walifanya kazi hiyo pamoja na idara ya serikali iliyoshughulikia maveterani na chama cha waliopooza wenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Kufunga mota katika kiti cha magurudumu halikuwa wazo geni. Watu walikwisha kujaribu kuchukua kiti cha kawaida na kukipachika mota na betri za motokaa. Matokeo hayakuridhisha. Kiti chepesi cha kukunja hakikuumbwa kubeba uzito huo, na mota iliyotosha kusukuma kwenye sakafu iliishiwa nguvu penye mwinuko. Tena kugeuza kiti ndani ya chumba chembamba kulihitaji nafasi ambayo haikuwapo, na namna ya kukiongoza ilidai mkono wenye afya, kitu ambacho mgonjwa hakuwa nacho.

Klein alianza upya kutoka chini, akiwatazama kwanza watakaokitumia. Uamuzi wake mkubwa ulikuwa kulipa kila gurudumu la kusukuma mota yake. Magurudumu yote mawili yakizunguka sawasawa, kiti huenda mbele. La kushoto likienda upesi kuliko la kulia, kiti hupinda kulia. Moja likienda mbele na jingine nyuma, kiti hugeuka papo hapo, kama kifaru kinavyogeuka kwa minyororo yake. Dereva wa kifaru hahitaji maelezo zaidi, kwani kanuni ni ileile.

Uamuzi wa pili ulihusu mkono. Badala ya usukani na swichi nyingi, aliweka kijiti kimoja kifupi cha kuongozea. Kukisukuma mbele ni kwenda mbele, kukivuta ni kurudi, kukielekeza upande ni kupinda. Nguvu kidogo sana ilitosha. Askari ambaye kiungo chake kimoja tu kilibaki na uhai kidogo aliweza, kwa kiungo hicho, kukiendesha chombo kizito kuliko mwili wake. Mpangilio huu wa mota mbili na kijiti kimoja bado ndio unaoonekana katika viti vingi vya umeme duniani hadi leo.

HESABU YA KILIMA

Inafaa sasa tuifungue siri ya gia, maana ndiyo kiini cha jambo, na katika mji wa vilima kama Kigali si elimu ya anasa.

Tuchukue mfano wa kiti cha siku hizi ambacho, pamoja na betri na mtu aliyekikalia, kina uzito wa kilo 150. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimeta 32 lina mzingo wa mita moja hivi. Likizunguka mara 100 kwa dakika, kiti hutembea mita 100 kwa dakika, yaani kilometa 6 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Lakini mota ndogo ya umeme hupenda kuzunguka upesi, tuseme mara 3,000 kwa dakika. Kati ya mota na gurudumu, basi, hapana budi pawe na gia za kupunguza mizunguko mara 30. Gia hizohizo huizidisha nguvu ya kuzungusha karibu mara 30, ukitoa kile kinachopotea katika msuguano.

Sasa kiti kikutane na mwinuko wa mita moja kwa kila mita kumi. Uzito peke yake hukivuta nyuma kwa nguvu ya karibu niutoni 150, na ukiongeza ukinzani wa matairi zinakuwa kama 180. Kupanda hapo kwa kilometa 6 kwa saa kunadai wati 300 zinazofika kwenye magurudumu. Anayetaka kupanda kwa kilometa 10 kwa saa lazima apate wati 500. Kilima hakibembelezwi.

Mafundi wengi, wakiona kiti kinatembea polepole, hukimbilia kubadili gia. Tuseme fundi aondoe gia za 30 kwa moja aweke za 20 kwa moja. Katika barabara tambarare kiti kitafikia kilometa 9 kwa saa, na mwenye kiti atafurahi. Lakini akifika kwenye kilima, kila mota italazimika kutoa nguvu ya kuzungusha moja na nusu ya ile ya awali. Nguvu hiyo hutokana na mkondo wa umeme, kwa hiyo mkondo nao utapanda mara moja na nusu. Na joto ndani ya nyaya za mota hukua kwa kadiri ya mkondo uliozidishwa kwa mkondo, maana yake litakuwa zaidi ya mara mbili. Mota itaungua, au kidhibiti chake kitakata umeme katikati ya mwinuko, na mtu abaki hapo amening'inia. Kuweka matairi makubwa zaidi huleta hasara hiyohiyo, kwani gurudumu kubwa ni sawa na gia ndefu.

Anayefanya kinyume chake, akaweka gia za 40 kwa moja, atapata mwendo wa kilometa 4 na nusu tu, lakini kilima kilekile kitamgharimu robo tatu ya mkondo wa mwanzo, na joto litashuka hadi nusu na kidogo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika kupanda kilima kwa mota ndogo, methali hiyo inaweza kuthibitishwa kwa hesabu.

Wapo pia wanaoongeza volti, mathalani kutoka 24 hadi 36. Njia hiyo huongeza kasi bila kuidhoofisha nguvu ya kupanda, lakini huhitaji kidhibiti, nyaya na fyuzi zinazostahimili, na zaidi ya yote huhitaji breki. Mwendo ukitoka kilometa 6 hadi 9, nishati inayopaswa kuzuiwa wakati wa kusimama huwa zaidi ya mara mbili. Mpanda ngazi hushuka, na anayeteremka kutoka Rebero kwa kiti kilichoharakishwa bila kuimarishiwa breki amejiweka katika hatari kubwa kuliko ile ya kutembea polepole. Ndiyo maana viti vingi vya siku hizi hufungwa breki ya sumaku ambayo hushikwa na springi na kuachiwa na umeme. Umeme ukikatika, breki hushika yenyewe. Fundi anayeitoa breki hiyo ili kiti kiwe chepesi hamtendei wema mwenye kiti.

Kazi ya Klein ilikuwa kugawa kiasi kidogo cha umeme uliomo ndani ya betri kati ya kasi na nguvu, kwa mizani inayomfaa mtu aliyejeruhiwa, si inayompendeza fundi.

ZAWADI KWA WALIMWENGU

Kiti kilipofaulu, palizuka swali la mali. Baraza la Utafiti lingeweza kujiwekea haki ya pekee ya uvumbuzi huo na kumtoza kila mwenye kiwanda. Halikufanya hivyo. Usanifu uliachwa wazi ili viwanda vya nchi yoyote viweze kuutumia. Mwaka 1955 Kanada iliikabidhi idara ya maveterani ya Marekani kiti cha mfano, kiwe zawadi ya wapiganaji kwa wapiganaji wenzao. Kuanzia mwaka 1956 kampuni ya Everest & Jennings, ileile ya viti vya kukunja, ilianza kuunda viti vya umeme kwa wingi. Kiti cha mfano kilihifadhiwa huko Marekani kwa miaka mingi, na karibu nusu karne baadaye kikarudishwa Kanada, katika jumba la makumbusho ya sayansi na teknolojia la Ottawa.

Klein hakuutajirikia uvumbuzi huo. Alikuwa mtumishi wa umma aliyeishi kwa mshahara wake, na alipokwisha kazi moja alishika nyingine. Pamoja na daktari Isaac Vogelfanger wa Ottawa aliunda chombo cha kuunganisha mishipa midogo ya damu kwa vibanio vidogo vya chuma. Alibuni pia utepe wa chuma unaokunjwa kama karatasi na kujiviringa kuwa bomba gumu unapofunguliwa. Utepe huo ndio uliokuwa antena ya Alouette 1, setelaiti ya kwanza ya Kanada, iliyorushwa tarehe 29 Septemba 1962. Taifa lake lilimtunukia nishani ya Kanada mwaka 1968.

Alipostaafu mwaka uliofuata, wengi wangedhani kwamba habari yake imekwisha. Lakini mwaka 1976, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, aliitwa awe mshauri mkuu wa gia katika ujenzi wa mkono wa chuma wa vyombo vya anga vya Marekani, ambao ulitumika angani kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1981. Mtoto wa duka la saa alikuwa amezifikisha gia zake nje ya dunia. Alifariki Ottawa tarehe 4 Novemba 1992, akiwa na umri wa miaka 88.

SISI WA VILIMANI

Kwa nini maisha ya mhandisi wa nchi ya theluji yasimuliwe kwa askari na polisi wa Kigali? Kwa sababu tatizo alilolishughulikia tunalo hapa. Vita vya mwaka 1990 hadi 1994, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, viliacha walemavu wengi, askari na raia. Tume ya kuwarejesha wapiganaji katika maisha ya kiraia, iliyoanzishwa mwaka 1997, iliwahudumia waliolemaa kutoka pande mbalimbali, bila kuuliza nani alivaa sare ipi. Mwaka 2007 Rwanda ilipitisha sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu, na nyingine ya kuwalinda wapiganaji wa zamani waliolemazwa na vita.

Kazi ya kuwainua walemavu nchini ina mizizi mirefu zaidi. Mwaka 1960 padri Joseph Fraipont, ambaye Wanyarwanda walimjua kwa jina la Ndagijimana, alianzisha kituo cha Gatagara, upande wa Nyanza, na hapo watoto waliokuwa wakifichwa majumbani walipewa shule, matibabu na vyombo vya kutembelea. Kati ya Fraipont na Klein kuna umbali mkubwa wa kazi na wa nchi, lakini wote wawili walikataa kuamini kwamba mahali pa aliyelemaa ni pale alipowekwa.

Kiti cha umeme bado ni kitu cha bei kubwa, mara nyingi zaidi ya kile cha kusukuma kwa mikono, na vingi viliundwa kwa barabara za nchi tambarare. Kikifika katika vilima vyetu hulemewa. Basi ni lazima karakana zetu ziwe na mafundi wanaoijua hesabu tuliyoieleza. Mafundi hao wanaozirekebisha gia za malori na pikipiki hawashindwi na gia za kiti. Wanachotakiwa ni kupima mwinuko kabla ya kugusa mota, kuitazama breki kabla ya kuitazama kasi, kuacha fyuzi ifanye kazi yake, na kumwuliza mwenye kiti anakwenda wapi kila siku na ni mkono upi anaouweza.

Jeshi lina desturi ya kutomwacha majeruhi uwanjani, na mwenzake humbeba hata chini ya moto wa adui. Desturi hiyo haimalizikii kwenye mlango wa hospitali. Aliyebebwa kutoka uwanjani anastahili siku moja kuupanda mlima kwa mwendo wake mwenyewe, asimwombe mtu, asimsubiri mtu. George Klein aliitumia akili yake yote katika jambo hilo, kisha akaliacha mikononi mwa walimwengu bila malipo. Sasa limo mikononi mwa mafundi wetu, na kilima bado kinasubiri.